Neno "Maximum" na Ndugu Zake: Mwongozo Kamili kwa Wanaofanya Kazi kwa Kiingereza Arusha na Moshi

Kazi nyingi za Arusha na Moshi hufanyika kwa lugha mbili kwa wakati mmoja. Mwongozaji wa watalii huwaeleza wageni masharti ya mlima kwa Kiingereza kisha huwageukia wapagazi na kuwaeleza yale yale kwa Kiswahili. Karani wa kampuni ya utalii huandika bei na masharti kwa Kiingereza, na dereva huyasoma akiwa na haraka ya kuondoka. Mfamasia husoma maelezo ya dawa yaliyochapishwa nje na kumwelekeza mgonjwa kwa lugha ya nyumbani. Wanasheria na makarani nao wamo katika mji wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Wote hawa hukutana na neno "maximum" mara kwa mara, na karibu wote wakiulizwa watajibu kwamba maana yake ni kiwango cha juu.

Jibu hilo si la makosa, ila halitoshi. Halisemi kama kiwango hicho cha juu kimeshafikiwa, au kimewekwa ili kisivukwe, au ndio mwisho wa uwezo wa kifaa. Anayelitafsiri neno hili bila kujiuliza swali hilo huweza kumwambia mtu afanye jambo ambalo maandishi yalikuwa yanamkataza. Mwongozo huu unaanzia kwenye swali hilo, unapita kwenye sarufi, unalitenganisha neno hili na "utmost" pamoja na "optimum", na unaishia kwenye tangazo linalosahihishwa sentensi kwa sentensi.

Hatua ya kwanza: Tambua ni upeo wa aina gani

Neno lenyewe limetoka Kilatini, ambako "magnus" ni kubwa na "maximus" ni kubwa kuliko vyote. Kiingereza kilichukua umbo la "maximum" likiwa na maana hiyo ya kitu ambacho juu yake hakuna kingine. Katika matumizi ya kila siku maana hiyo moja hugawanyika mara tatu.

Aina ya kwanza ni upeo uliofikiwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotaja kiwango cha juu cha joto cha Moshi kwa siku iliyopita, inaeleza jambo lililotokea na kupimwa. Kipo hata kipimajoto kilichotengenezwa kwa kazi hiyo: zebaki yake hupanda kupitia sehemu nyembamba ya bomba na hairudi chini yenyewe joto linapopungua, hivyo msomaji huikuta imesimama pale pale joto lilipofika, kisha hukitikisa kifaa ili kiwe tayari kwa siku inayofuata. Upeo wa namna hii haumkatazi mtu chochote, na kesho unaweza kupitwa.

Aina ya pili ni upeo unaoruhusiwa. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi ni wa namna hii, na ndivyo ulivyo pia mzigo wa kilo 20 ambao mpagazi wa Mlima Kilimanjaro hatakiwi kuuzidisha, na unaopimwa kwa mizani langoni kabla msafara haujaanza kupanda. Gari linaweza kwenda kasi kuliko 50, na mpagazi mwenye nguvu anaweza kuinua zaidi ya kilo 20, lakini kanuni imeweka mpaka chini ya uwezo huo kwa makusudi, ili kulinda watu. Hapa "maximum" ni katazo lililovaa mavazi ya namba.

Aina ya tatu ni upeo unaowezekana, yaani mwisho wa uwezo wa kitu chenyewe, na tairi la gari la safari linaueleza vizuri sana. Chuchumaa kando ya Land Cruiser iliyoegeshwa katika gereji yoyote ya Arusha, pangusa vumbi kwenye ubavu wa tairi, na katika matairi mengi utaona karibu na rimu herufi ndogo zilizochomoza zinazosema "MAX LOAD", zikifuatwa na uzito kwa kilo na paundi, kisha "MAX PRESS", ikifuatwa na namba ya kPa na PSI, ambavyo ni vipimo vya msukumo wa upepo. Aliyeziandika ni mtengenezaji wa tairi, ambaye hajui tairi lake litafungwa kwenye gari gani. Anachosema ni kwamba tairi hilo lisibebe mzigo kupita huo na lisijazwe upepo kupita huo likiwa baridi. Hasemi kwamba lijazwe kiasi hicho. Upepo unaolifaa gari umetajwa na mtengenezaji wa gari, kwa kawaida kwenye kibandiko kilichopo katika nguzo ya mlango wa dereva au katika kitabu cha gari, nao mara nyingi ni mdogo kuliko ule wa ubavuni. Dereva anayemwambia fundi pancha ajaze mpaka "maximum" ameligeuza onyo kuwa maelekezo, na matokeo yake huonekana baada ya muda: tairi lililojaa kupita kiasi hugusa barabara kwa sehemu ya katikati tu, huisha katikati mapema, hushika barabara vibaya wakati wa kufunga breki, na huwarusharusha wageni kwenye njia za vumbi kuelekea mbugani.

Kwa hiyo kabla hujalitafsiri neno hili, jiulize kwa Kiswahili: hapa wanasema imefika, isipite, au haiwezi kupita? Maneno hayo matatu yatakuongoza kwenye tafsiri sahihi mara nyingi kuliko kamusi.

Wanafunzi wa hisabati wa kidato cha tano na cha sita wanahitaji nyongeza ndogo hapa, kwa kuwa wao hukutana na wingi wa neno hili, "maxima", na kuambiwa kwamba kuna upeo wa mahali na upeo wa jumla. Anayeishi Moshi ana mfano mlangoni kwake. Kilele cha Mawenzi kina mita 5,149, na mtu aliyesimama juu yake, kila upande atakaokanyaga, atakuwa anashuka, kwa hiyo Mawenzi ni upeo wa mahali pake. Ng'ambo ya tandiko pana lililo katikati, kilele cha Uhuru kwenye Kibo kina mita 5,895, na hicho ndicho upeo wa mlima mzima. Kanuni ya kutafuta mahali ambapo mwinamo wa mchoro ni sifuri huvionyesha vilele vyote viwili bila kubagua, na huonyesha pia sehemu ya chini kabisa ya tandiko lililo kati yake. Ni kazi ya mwanafunzi kulinganisha namba na kusema upi mkubwa.

Hatua ya pili: Uliza upeo wa nini, kwa muda gani, na kama namba yenyewe imo

Namba peke yake haitoshi. Kampuni inayoandika kwamba mwisho ni watu sita kwa gari haijasema kama dereva amehesabiwa, kwani dereva naye ni mtu. "Maximum six guests per vehicle" ni bora kuliko "maximum six people" kwa sababu hiyo tu. Vivyo hivyo, maandishi kuhusu mzigo wa mpagazi yanapaswa kueleza kama nguo na vitu vyake binafsi vimo ndani ya kilo zilizotajwa au havimo, maana ubishi wa langoni huanzia hapo hapo.

Muda una uzito zaidi, hasa katika dawa. Maelezo ya kawaida ya vidonge vya paracetamol vya miligramu 500 kwa mtu mzima husema ameze kidonge kimoja au viwili kila baada ya saa 4 hadi 6, kisha huongeza kwamba "maximum" ni vidonge 8 ndani ya saa 24, yaani gramu 4. Msomaji mwenye haraka huiona sentensi ya pili kama marudio ya ile ya kwanza. Piga hesabu: vidonge viwili kila baada ya saa 4 ni vidonge 12 kwa saa 24, ambavyo ni gramu 6, kiasi kinachoweza kuliumiza ini vibaya. Sentensi ya pili inaifunga ile ya kwanza, na ndiyo inayopaswa kusemwa kwa sauti kubwa zaidi. Ukimwambia mgonjwa "vidonge vinane kwa siku", umemwandikia dozi. Ukimwambia "visizidi vinane ndani ya saa 24", umemwekea mpaka. Maneno "ndani ya saa 24" nayo ni ya lazima. Aliyemeza vidonge kadhaa kabla ya kulala anaweza kuamka saa 12 asubuhi akajihesabia siku mpya na kuanza upya, kwa kuwa kwetu siku huanza kunapokucha, wakati mwili wake bado unashughulikia vile vya usiku.

Jambo la tatu ni kama namba iliyotajwa imo ndani ya ruhusa. "Maximum 20 kg", "up to 20 kg", "not more than 20 kg" na "not exceeding 20 kg" zote zinakubali kilo 20 kamili, lakini "less than 20 kg" na "under 20 kg" zinaikataa. Kiswahili kina tofauti hiyo hiyo. "Isiyozidi kilo 20" na "hadi kilo 20" zinaijumuisha ishirini, ilhali "chini ya kilo 20" haiijumuishi, na anayeandika "chini ya" mahali pa "isiyozidi" ameibadilisha kanuni bila kujua. Kwenye bei za watoto kosa hili huzaa hasara: "children under 12" haimhusu mtoto aliyetimiza miaka 12, na "children up to 12" humwacha mzazi na karani wakibishana mapokezi. Andika "aged 11 and under" na ubishi hautakuwepo.

Hatua ya tatu: Liweke neno mahali pake katika sentensi

Katika Kiingereza neno hili hufanya kazi ya nomino, kama katika "the maximum is twenty kilograms", na pia kazi ya kivumishi, kama katika "the maximum weight". Katika mazungumzo na kwenye vibao hufuata namba kama kielezi: "twenty kilograms maximum". Matumizi haya ya mwisho yanafaa sana kwenye kibao, ila katika barua rasmi ni heri kuandika "a maximum of twenty kilograms".

Kielekezi "a" hapo hakiachwi. Wanaofikiri kwa Kiswahili, lugha isiyo na vielekezi vya aina hiyo, huandika "maximum of six guests" na sentensi ikabaki imekatika mbele. Kitenzi kinachofuata hutegemea kinachohesabiwa. Wageni ni wengi, kwa hiyo "a maximum of six guests are allowed" ndiyo kawaida; kilo ni kipimo kimoja cha uzito mmoja, kwa hiyo "a maximum of twenty kilograms is allowed".

Neno hili tayari limeshafika juu kabisa, kwa hiyo halikubali kuongezewa daraja. Hakuna "more maximum" wala "most maximum". "Maximum limit" si kosa la sarufi, lakini mara nyingi neno moja kati ya hayo mawili lingetosha, na "up to a maximum of", ingawa Waingereza wenyewe huiandika kwenye mikataba, husema jambo moja mara mbili. Mimi huiacha inapokuwa ndani ya sheria au mkataba wa mtu mwingine, na huifuta inapokuwa kwenye tangazo.

Wingi wake ni "maximums" katika maandishi ya kawaida na "maxima" katika hisabati na sayansi. Kifupisho ni "max", na wengine huweka nukta mwishoni. Hicho ndicho kilichochapwa kwenye mstari wa juu wa birika la umeme, ambapo maji yakiupita huchemka na kumwagika, na kwenye kijiti cha kupimia oili ya injini, ambapo alama za "MIN" na "MAX" zinamtaka mtu abaki kati yake. Kitenzi ni "maximise", chenye maana ya kuongeza jambo kadiri inavyowezekana, na kwa kuwa maana ya ukomo imo ndani yake, hakihitaji kufuatwa na "to the maximum".

Kuhusu matamshi, Kiswahili hutuzoesha kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ndiyo maana wengi wetu husema mak-si-MA-mu. Waingereza huweka mkazo mwanzoni kabisa, MAK-si-mam, na silabi zinazofuata huzipitia upesi.

Hatua ya nne: Litenganishe na "utmost"

Hapa ndipo barua nyingi za ofisini hujikwaa, na kwa hiyo nitakaa kidogo. "Utmost" ni neno la asili ya Kiingereza chenyewe. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "ūtemest", likiwa limejengwa juu ya neno lenye maana ya nje, na lilimaanisha kilicho nje kabisa au mbali kuliko vyote. Kutoka umbali wa mahali likahamia kwenye ukubwa wa juhudi, heshima, uangalifu na umuhimu, na huko ndiko lilikobaki.

Tofauti ya kazi yake na ya "maximum" ni hii: "maximum" hupenda kitu kinachopimika kwa namba, na "utmost" hupenda kitu kinachotoka ndani ya mtu au kinachopewa thamani. Uzito, mwendo, idadi ya wageni na muda huchukua "maximum". Uangalifu, usiri, heshima, uaminifu na umuhimu huchukua "utmost". Kwa hiyo kampuni ya kupandisha watu mlimani itaandika kwamba usalama wa wageni ni "of the utmost importance", na neno "of" hapo haliondolewi, na itaahidi kwamba "we shall do our utmost". Katika ahadi hiyo kimilikishi ni cha lazima: "my utmost", "his utmost", "their utmost". Kuandika "we will do the maximum" kutaeleweka, lakini Mwingereza atahisi kwamba mwandishi ametafsiri kutoka lugha nyingine.

Kosa la upande wa pili ni kulipa "utmost" namba. "The trek takes utmost six days" si Kiingereza sanifu. Kinachotakiwa ni "at most six days" au "a maximum of six days". Huenda asili ya kosa hilo ni kufanana kwa sauti, kwa kuwa "at most" ikitamkwa haraka husikika karibu sawa na "utmost".

Katikati kuna "maximum cooperation", maneno yanayopendwa mno na barua za ofisi za Afrika Mashariki: mkuu anawataka walio chini yake watoe "maximum cooperation" kwa mgeni anayekuja. Siyahesabu kuwa makosa, kwa kuwa katika Kiingereza chetu yamezoeleka na hakuna anayeyaelewa vibaya, lakini barua inapokwenda Uingereza au Marekani, "full cooperation" ndiyo inayosikika kawaida masikioni mwa mpokeaji. Ukiwa na shaka, jaribu kuweka namba mbele ya jambo lenyewe. Ushirikiano hauna kilo.

Wanaofanya kazi ya bima watakutana na "utmost good faith", kanuni inayomtaka anayekata bima na anayeitoa wote waeleze kwa ukweli kila jambo la msingi linalohusu hatari inayokatiwa bima. Tafsiri inayofaa ni uaminifu wa hali ya juu. Mgeni anayekata bima ya kupanda mlima bila kutaja ugonjwa wa moyo alio nao amevunja kanuni hiyo, na madai yake yanaweza kukataliwa.

Hatua ya tano: Usilichanganye na "optimum", na usome "extent" kwa makini

"Optimum" ni kiwango bora, wala si kiwango kikubwa. Wakulima wa kahawa wa mteremko wa Kilimanjaro wanaijua tofauti hii shambani hata kama hawayatumii maneno hayo. Kahawa aina ya arabika hustawi vizuri kwenye joto la wastani wa nyuzi 18 hadi 22 za selsiasi. Joto likizidi hapo kwa muda mrefu mti bado huishi, lakini matunda huiva upesi na ubora hushuka. Baada ya kuvuna hali hugeuka. Shirika la Kimataifa la Kahawa linapendekeza unyevu wa kahawa safi inayouzwa nje usizidi asilimia 12.5 wala usipungue asilimia 8. Hapo 12.5 ni "maximum" ya aina ya pili, yaani mpaka wa kuzuia ukungu, na anayekausha hafanyi bidii aufikie, bali ahakikishe yuko chini yake bila kuikausha kahawa hadi ipoteze uzito na ladha.

"Ultimate" nalo huchanganywa, nalo ni la mwisho katika mfululizo. "Ultimate decision" ni uamuzi wa mwisho hata kama ni mdogo.

"Extent" ni upana au kadiri ya jambo, na huonekana zaidi kwenye fomu ambazo wageni husaini kabla ya kupanda mlima au kuingia mbugani: "to the maximum extent permitted by law", au "to the fullest extent". Maneno haya hufuata sentensi inayoiondolea kampuni wajibu, na watu huyasoma kama mapambo. Maana yake ni kwamba kampuni inajiondolea wajibu kwa kadiri yote ambayo sheria inaruhusu, na pale sheria inapokataa, inaishia hapo. Kwa Kiswahili andika "kwa kadiri yote inayoruhusiwa na sheria". Usiandike "kabisa", kwa kuwa "kabisa" huuondoa mpaka ambao sentensi ya Kiingereza imeubakiza.

Lugha ya mahakama ina namna yake ya kusema "maximum" bila kulitaja. Sheria inayosema kifungo "not exceeding five years" imempa hakimu nafasi ya kutoa kifungo chochote hadi miaka mitano, na Kiswahili chake ni kifungo kisichozidi miaka mitano. Gazeti linaloandika kwamba mshtakiwa atafungwa miaka mitano limemhukumu kabla ya hakimu. Kinyume chake, "not less than" ni kisichopungua. Arusha ina mfano mkubwa wa upeo uliowekwa na sheria: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kumaliza kazi yake mwishoni mwa mwaka 2015, iliwekewa mpaka wa kutoa adhabu ya kifungo tu, kwa hiyo adhabu yake ya juu kabisa ilikuwa kifungo cha maisha, hata kwa makosa ya mauaji ya kimbari.

Hatua ya sita: Chagua neno la Kiswahili linalolingana

Kwa upeo uliofikiwa, tumia "kiwango cha juu" au "kiwango cha juu kabisa". Kwa upeo unaoruhusiwa, kitenzi cha kukanusha kina nguvu kuliko nomino: "mzigo usizidi kilo 20" humfikia mpagazi upesi kuliko "kiwango cha juu cha mzigo ni kilo 20". Katika fedha za ofisi neno lililopo tayari ni "ukomo", kama katika ukomo wa bajeti, na katika malipo ni "kima cha juu", ndugu wa kima cha chini cha mshahara ambacho kila mfanyakazi anakijua. Kwa uwezo wa kifaa, sema "mwisho wa uwezo wake" au "haiwezi kupita". Neno "upeo" ni zuri kwa mambo mapana, ila kwenye kibao cha barabarani hakuna atakayelielewa kwa sekunde alizonazo. "Maximum security prison" ni gereza la ulinzi mkali, bila kiwango wala upeo ndani yake.

Tangazo moja, likisahihishwa

Chukua tangazo la namna hii, ambalo lingeweza kuandikwa na kampuni yoyote ndogo ya utalii inayopeleka watu mlimani: "Maximum luggage for porter 15 kg. Group is utmost 8 people. Your safety is maximum important and we will do maximum for you."

Sentensi ya kwanza haisemi kama kilo 15 ni za begi la mgeni au za mzigo wote wa mpagazi. Ikiwa ni begi la mgeni, andika: "Each climber's duffel bag must not exceed 15 kg." Sentensi ya pili imelipa "utmost" namba, na haisemi kama waongozaji wamehesabiwa: "We take a maximum of eight climbers per group, not counting guides and porters." Sentensi ya tatu imelitumia "maximum" kwa jambo lisilopimika, tena mara mbili: "Your safety is of the utmost importance to us, and we shall do our utmost to protect it." Mwandishi mwangalifu angeweza kulifuta "utmost" moja kati ya hayo mawili, na mimi ningelifuta la pili na kuandika kampuni inafanya nini hasa, kwa mfano kwamba mwongozaji atawapima wageni kiwango cha oksijeni kwenye damu asubuhi na jioni.

Kwa wafanyakazi, maandishi ya ubaoni yasomeke hivi: "Begi la mgeni lisizidi kilo 15. Mzigo wote wa mpagazi usizidi kilo 20. Kilo 20 kamili inakubalika. Ikizidi, punguza kabla ya kufika langoni. Kundi moja ni wageni wasiozidi wanane, bila kuhesabu waongozaji na wapagazi."